Chai ileile Kariakoo na Mbezi: jiko kuu, kila tawi lijipikie, au cha kiwandani?

"Dada, chai ya huku mbona siyo kama ya kule kwenu Kariakoo?"

Swali hilo nililisikia mwaka ambao mgahawa niliokuwa nikisimamia vinywaji vyake ulifungua tawi la tatu, Mbezi. Majani ya chai yalikuwa yaleyale, maziwa ya msambazaji yuleyule, na hata mpishi tulimhamisha kutoka Kariakoo. Wiki nzima tulimshuku yule mpishi, maskini, mpaka mtu mmoja alipowaza kuonja maji yenyewe. Tawi jipya lilikuwa likitumia maji ya kisima, na chumvi ya visima vya Dar es Salaam anaijua kila aliyewahi kuogea.

Tangu hapo nimekutana na wenye migahawa wengi waliokwama mahali hapohapo: matawi mawili yamekuwa manne, juisi ya ukwaju ina sura nne, na kila mshauri ana dawa yake. Mmoja anasema jenga jiko kuu. Mwingine anasema fundisha watu. Wa tatu anakuletea sampuli ya unga kwenye pakiti inayong'aa. Zote tatu ni njia halali, na kila moja ina mahali inapokuangusha.

Tunapima kwa nini

Nitaziweka njia zote tatu mbele ya maswali yaleyale matano. Ladha: inafanana kiasi gani kutoka tawi moja hadi jingine? Usalama: kosa likitokea, linawafikia wateja wangapi? Gharama: ya kuanzia na ya kila mwezi. Siku mbaya: umeme ukikatika au Barabara ya Morogoro ikifunga, mteja anakunywa nini? Na mwisho, inamfaa nani?

Ladha ndiyo yenye maneno mengi, kwa hiyo nianze kwa kueleza inapotelea wapi. Kikombe cha chai ya rangi karibu chote ni maji. Maji magumu huacha utando juu ya chai na kuifanya iwe nyeusi iliyofifia. Yenye chumvi huifanya ipooze mdomoni hata ukiongeza majani. Maji ya mto Ruvu yanayoletwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na maji ya kisima cha Kigamboni hayatoi chai moja, hata majani yakitoka pakiti moja.

Kuna na mwinuko, ambao ni wachache wanaoukumbuka. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mbeya ni hivyohivyo, na Arusha ni 95 na ushei. Mwenye matawi Mombasa na Nairobi akiandika "chemsha dakika tano" ameandika mapishi mawili bila kujua. Tawi la bara huhitaji muda zaidi au majani zaidi kidogo, na kiasi hicho hukipati kwa kukisia. Ni kupika na kuonja.

Maziwa nayo yana vituko vyake. Ya ng'ombe wa kienyeji yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa, na ya mlangoni mara nyingine yameshaongezwa maji njiani. Laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa, haina bei kubwa: maziwa halisi ya ng'ombe huwa na uzito wa kati ya gramu 1.026 na 1.032 kwa mililita, na yakiwa chini ya hapo ujue umeuziwa maji. Sukari yenye punje kubwa na yenye punje ndogo hazijazi kijiko kwa uzito mmoja. Na tunda hubadilika kila wiki: embe la mwanzo wa msimu na dodo lililoivia mtini ni kama matunda mawili tofauti.

Njia ya kwanza: jiko kuu

Hapa kinywaji, au msingi wake, hutengenezwa sehemu moja usiku au alfajiri, kisha kirikuu au bajaji ya mizigo inasambaza. Kazi ya tawi ni kuongeza maji na barafu, kuonja na kumimina.

*Ladha.* Kwa juisi, njia hii ina nguvu kubwa. Mtu mmoja anapima kwa mizani moja, na tofauti za tunda anazisawazisha kabla hazijafika matawini. Kifaa kinachomsaidia ni refraktomita, kile cha mkononi unachodondoshea matone mawili na kuchungulia. Kinasoma sukari kwa kipimo cha Brix, ambapo Brix 1 ni gramu 1 ya sukari katika gramu 100 za mchanganyiko. Ukiamua juisi yako ya embe ifike mezani ikiwa na Brix 12, basi embe tamu litaongezewa maji, embe chachu litaongezewa sukari, na mteja hatajua kwamba msimu umegeuka. Ila refraktomita haioni uchachu. Ukwaju unaweza kusoma sawasawa na bado ukakukunja uso, kwa hiyo ulimi haustaafu.

Siyo kila kinywaji kinapenda kusafiri. Ukwaju na rosela husafiri vizuri kwa sababu vina asidi nyingi na huchemshwa. Rojo la embe linagandishwa na linaamka salama. Juisi ya pasheni nayo inaenda, ilimradi aliyesaga hakuzivunja mbegu, maana zikivunjika huacha vumbi jeusi na uchungu. Lakini parachichi hugeuka rangi, na hata ukilitia ndimu unachelewesha tu. Juisi ya miwa huanza kuwa nyeusi ndani ya saa chache. Juisi yenye papai au nanasi ukiichanganya na maziwa usiku, asubuhi unakuta uchungu. Chai ya maziwa iliyopikwa alfajiri na kupashwa moto saa nne ni kinywaji kingine kabisa, nami sikishauri.

*Usalama.* Hapa ndipo penye hofu yangu. Sufuria moja likiharibika, matawi yote yameharibika asubuhi hiyohiyo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5 na cha moto kiwe juu ya nyuzi 60. Ndoo ya lita 20 ya ukwaju wa moto ukiitia kwenye friji nzimanzima, katikati yake itakuwa na uvuguvugu usiku kucha. Igawe kwenye vyombo vidogo, izungushie barafu, ndipo iingie kwenye friji. Na kila chombo kiwe na karatasi: tarehe, saa, jina la aliyepika. Weka chupa moja ya kila pishi kwenye friji ya jiko kuu kwa siku mbili tatu; tawi likilalamika, utakuwa na cha kuonja badala ya kubishana kwenye simu.

*Gharama.* Kuanzia ni ghali: chumba, friza, chombo cha usafiri, mshahara wa watu wa usiku. Gharama hizo hazipungui siku mauzo yakipungua, ndiyo maana matawi mawili ni nadra kuzibeba. Faida yake ni kununua matunda kwa wingi msimu wake na kuyagandisha, pamoja na kupunguza yanayooza kwenye kona ya kila jiko.

*Siku mbaya.* Foleni ikikaa saa 3, deli lisilo na barafu ya kutosha halitakuokoa. Umeme ukikatika jiko kuu likiwa halina jenereta, hakuna tawi lenye juisi.

*Inamfaa nani.* Mwenye matawi manne na kuendelea yaliyo ndani ya mji mmoja, anayeuza juisi nyingi kuliko chai, na mwenye mtu mmoja wa kumwamini usiku.

Njia ya pili: kila tawi lijipikie, kwa karatasi moja

Hii ndiyo njia ya kwetu ya asili, ila safari hii inakuja na mizani. Kila tawi linapika vinywaji vyake mwanzo hadi mwisho kwa kufuata karatasi moja iliyobandikwa ukutani.

*Ladha.* Hakuna uchangamfu unaoshinda wa chai iliyotoka jikoni sasa hivi. Tatizo ni mkono. Tulikuwa na mpishi mmoja mzee wa Kariakoo, nami nikaenda kwake na mizani ya jikoni. Nilimwamkia, nikamwomba atie majani kwenye bakuli kwa kiganja chake, kama anavyofanya siku zote, mara tano.

"Mwanangu, unataka kunipima mimi?"

"Hapana mzee, nataka kuandika mkono wako."

Akacheka, akatia. Mara zote tano hazikupishana zaidi ya gramu 2. Vijana wawili wa tawi la pili walipofanya vilevile, walipishana zaidi ya gramu 10. Mkono wa mzee ulikuwa mizani, ila ulikuwa mmoja na matawi ni manne.

Karatasi nzuri basi haisemi "majani kiasi" wala "sukari ya kutosha". Inataja gramu, lita, dakika, na mpangilio. Mpangilio una sababu: tangawizi mbichi huanza kwenye maji yanayochemka, maziwa hufuata baadaye, kwa sababu tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa na moto wa maji ndio unaokiua. Nimeona sufuria zima la chai likikatika na watu wakilaumu maziwa. Karatasi pia inataja maisha ya chai kwenye chupa: andika saa iliyomiminwa kwenye kipande cha plasta, na ikishapita saa 2 ibadilishwe, kwani chai iliyokaa inapata rangi ya matope na ladha ya majani yaliyochoka.

Gramu zina faida nyingine ambayo mhasibu ataipenda. Mhudumu akizidisha gramu 5 za sukari kwa kikombe, na matawi yote yanauza vikombe 400 kwa siku, ni kilo 2 kila siku, kilo 60 kwa mwezi, na kuna wateja wanaosema chai imezidi utamu.

Usidhani mafunzo ni ya mara moja. Tarehe 26 Februari 2008 Starbucks, kampuni ya maduka ya kahawa, ilifunga maduka yake 7,100 ya Marekani jioni moja, kwa saa 3 hivi, ili kuwafundisha upya wafanyakazi kutengeneza espresso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayokamuliwa kwa mashine. Kampuni yenye mashine za kisasa na vitabu vya maelekezo bado ililazimika kurudi darasani. Wewe wafanyakazi wako wanabadilika kila baada ya miezi michache, panga kurudia.

*Usalama.* Kosa linabaki tawini. Upande mwingine, una majiko manne ya kukagua badala ya moja, na barafu nne zinazotoka kwa wauzaji wanne. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu inaharibu juisi safi, na hakuna karatasi ya vipimo inayoliona hilo.

*Gharama.* Kuanza ni rahisi kuliko njia zote: mizani, jagi zenye alama, saa ya ukutani, vipimajoto. Kila mwezi unalipa kwa namna nyingine, kwa matunda yanayooza na kwa msimamizi anayezunguka kuonja. Msimamizi huyo asitoe taarifa kabla ya kufika, la sivyo ataonja chai ya wageni.

*Siku mbaya.* Imara sana. Gesi ipo, majani yapo, chai ipo. Mpishi akiugua ndipo utakapojua kama karatasi inasomeka au ni pambo.

*Inamfaa nani.* Mwenye matawi machache, au yaliyotawanyika miji tofauti kama Dar, Dodoma na Mbeya, na anayejulikana zaidi kwa chai na kahawa.

Njia ya tatu: cha kiwandani na mashine

Hapa namaanisha vitu vingi kidogo: juisi nzito ya kuongezwa maji, unga wa chai yenye maziwa na viungo, soda ya bomba, na mashine za kahawa zinazosaga na kukamua zenyewe.

*Ladha.* Inafanana, na kufanana huko ndicho kitu unachokinunua. Soda ya bomba kwa kawaida huchanganywa maji sehemu 5 kwa shira sehemu 1, na mtu mwenye refraktomita anaweza kuhakikisha. Ila "inafanana" siyo "ni nzuri". Mteja wa Tanga aliyekulia kwenye ukwaju wa nyumbani ataitambua juisi ya pakiti kabla hajameza. Na maji bado ni ya tawi lako. Unga uleule kwenye maji ya chumvi ni chai yenye chumvi. Mashine ya kahawa nayo inataka mkono: espresso ya kawaida ni gramu 18 za kahawa kutoa gramu 36 kwa sekunde 25 hadi 30, na meno ya kinu yakilika vipimo hivyo vinahama taratibu bila taa yoyote kuwaka. Mtu asipovipima kila asubuhi, mashine inakosea kwa utaratibu uleule kila siku.

*Usalama.* Bidhaa iliyofungwa kiwandani na yenye alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, imeshapita mikono ya wakaguzi. Hatari inahamia kwenye mabomba: mrija wa maziwa usiosafishwa jioni ni shamba la vijidudu.

*Gharama.* Kwa kikombe ni ghali zaidi mara nyingi, lakini inatabirika, na wafanyakazi wapya wanajifunza kwa siku moja. Mashine ikiharibika, fundi atatoka wapi? Uliza kabla ya kununua, usiulize baadaye.

*Siku mbaya.* Mashine bila umeme ni kabati. Na kumtegemea msambazaji mmoja wa mbali kuna bei yake: Januari 2022 matawi ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi kwa kuwa viazi vilitoka nje ya nchi na meli zilichelewa, huku wakulima wa Nyandarua wakiwa na viazi shambani. Kampuni ilikuwa na sababu zake za viwango, na Wakenya mitandaoni walikuwa na maneno yao. Ukiagiza unga wa chai kutoka nje, jiulize una akiba ya wiki ngapi.

*Inamfaa nani.* Vibanda vya vituo vya mabasi, vya mafuta na vya uwanja wa ndege, ambako mteja ana dakika tatu na mhudumu ni mpya kila mwezi. Pia kwa kinywaji cha pembeni ambacho hakikuleti jina.

Uchague vipi, kwa hali yako

Menyu nzima haina lazima ya kufuata njia moja, na migahawa inayoendelea vizuri ninayoijua inachanganya: ukwaju na embe kutoka jiko kuu, chai kwenye tawi, soda ya chupa kama ilivyo.

Kama una matawi mawili tu na unauza chai zaidi, anza na karatasi na mizani. Jiko kuu litakumeza kabla halijakulipa.

Kama matawi yako yako mikoa tofauti, usisafirishe vimiminika. Safirisha vikavu: pima iliki, mdalasini, tangawizi kavu na majani ya sufuria moja, ufunge kwenye vifurushi, tawi lifungue kifurushi kimoja kwa kila lita 10. Havihitaji barafu, na mkono wa mzee unafika Mbeya ukiwa umekunjwa kwenye karatasi. Dakika za kuchemsha zibadilishe kwa kila mji.

Kama wafanyakazi wanakukimbia kila baada ya miezi michache, weka mashine au unga kwenye vinywaji vinavyouzwa kwa haraka, na umbakize mpishi mmoja mzuri kwa kinywaji kimoja kinachobeba jina lako. Kama unapanga baadaye kufungasha juisi na kuiuza dukani, jiko kuu lina maana hata sasa, maana utalazimika kubisha hodi kwa wakaguzi wa viwango na utahitaji rekodi za mapishi yako tangu mwanzo.

Na kama hujui tatizo liko wapi, fanya jaribio hili kabla ya kutoa hata shilingi. Chukua lita 2 za maji kutoka kila tawi, uzilete jikoni pamoja, upike chai ya rangi kwa majani yaleyale, gramu zilezile, jiko lilelile. Kwa kila matawi mawili mimina vikombe vitatu, viwili vya tawi moja na kimoja cha jingine, uwape watu kumi wasiojua, kila mmoja aonyeshe kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu, watatu au wanne watapatia. Wakipatia wanane, tatizo ni maji, na kichujio cha kawaida hakiondoi chumvi. Nunua maji ya dumu kwa ajili ya sufuria la chai peke yake, au uliza bei ya mtambo wa kuondoa chumvi.